Sindano Haingoji Majani

Bwana Mifugo aliwahi kunifukuzia wateja watatu kwa asubuhi moja, wote wakiwa wameshafika mbele ya meza yangu.

Wa kwanza alitaka dawa ya minyoo ya mbuzi. Bwana Mifugo alikuwa ameegemea mlango wa duka, anakunywa chai yangu. Akamwuliza, "Mbuzi ana nini?"

"Anakonda."

"Meno yake umeyaangalia?"

Yule mtu akacheka. Hakuwa ameyaangalia.

"Nenda kayaangalie. Kama yameisha, hata ukimnywesha duka zima hatanenepa."

Wa pili alikuja na habari za jipu kwenye bega la ng'ombe, anataka sindano. Akaambiwa akalikande kwa maji ya moto na chumvi asubuhi na jioni mpaka liive, ndipo aitwe mtu wa kulipasua. Wa tatu, mama mmoja wa Ganako, alikuja kununua unga wa viroboto wa kuku. "Majivu unayo jikoni," akamwambia. "Yamwage pale wanapojigalagaza. Wiki ijayo viroboto wakiwa bado wapo, njoo ununue."

Nilitoka nyuma ya meza. "Bwana Mifugo, wewe umetumwa na nani?"

"Na serikali," akajibu, bila kuweka kikombe chini. "Wewe unauza dawa, mimi natafuta ugonjwa. Tuzoeane tu, mama. Barabara yetu ni moja."

Tulizoeana zaidi ya miaka kumi. Nilikuwa nimehamia Karatu na mume wangu kutoka Machame, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Yeye alikuwa anaendesha magari ya watalii kwenda kreta kuona wanyama, mimi nikafungua duka la dawa za mifugo katikati ya mji, wakati ule barabara kubwa ikiwa bado ya vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye sukari. Bwana Mifugo nilimkuta. Alikuwa afisa wa mifugo wa kata kadhaa, na kwa kuwa maafisa walikuwa wachache na pikipiki ya serikali ilikuwa nzima mwezi mmoja mbovu miwili, alitembea sana kwa miguu. Kwao wapi, sikupata kujua. Kiiraqw alikisema kama mtu wa Rhotia, Kiswahili kama mwalimu wa shule, na Kimaasai alikisema vibaya kwa sauti kubwa.

Alivaa tai kila siku. Hata joshoni, ng'ombe wakirusha maji ya dawa huku na huku, yeye alikuwa na tai. Alipotaka kuingiza mkono ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, aliitupa tai nyuma ya bega, akakunja shati mpaka kwapani, akajipaka sabuni, na wakati mkono unatafuta miguu ya ndama yeye aliangalia mawingu na kuzungumza habari nyingine kabisa. Wenye ng'ombe walikuwa wakitokwa jasho, yeye anauliza bei ya maharage.

Mkoba wake ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja mlikuwa na kipimajoto kilichofungwa uzi, sindano, chupa za dawa, na kitabu cha kuandikia magonjwa. Upande wa pili mlikuwa na magome ya miti, mizizi na majani makavu, kila kitu kimefungwa kwenye gazeti na kuandikwa jina kwa kalamu. Maafisa wenzake walimcheka kwa upande wa pili. Wafugaji wengine walimcheka kwa upande wa kwanza. Yeye alisema ng'ombe hajawahi kumwuliza dawa imetoka wapi.

Huyu mtu, ambaye niliwahi kumwona akimshika fahali wa mnadani kwa pua na kumwinamisha kichwa, alikuwa anaogopa mbwa. Si kidogo. Nyumbani kwangu tulikuwa na mbwa mmoja wa kahawia, mvivu, aliyekuwa akibweka akiwa amelala. Bwana Mifugo akija alisimama nje ya geti na kupiga kelele, "Mama Upendo! Mfunge huyo simba!" Hakuingia mpaka asikie mnyororo. Nilimwuliza siku moja iweje mtaalamu wa wanyama aogope mbwa. Akasema, "Mbwa nimesoma magonjwa yake. Tabia yake sikufundishwa."

Miaka ile majosho mengi yalikuwa yamekufa. Dawa ya kuogeshea ilikuwa imeachwa mikononi mwa wafugaji wenyewe, na wengi hawakuimudu kila wiki. Yeye akaanza kufundisha watu kutumia utupa, ule mmea wanaoupanda shambani kufukuza fuko. Majani yake wakiyatwanga na kuyaloweka, maji yake yanaua kupe. Alisimama uani kwa mtu, tai shingoni, akapaka mbuzi kwa kitambaa: masikioni, chini ya mkia, katikati ya mapaja. "Hii ni ya katikati ya dawa na dawa," alisema. "Wiki moja mwogeshe kwa dawa ya duka, wiki inayofuata mpake hii. Na maji yake usiyamwage mtoni. Yanaua samaki, na wenzako wa chini wanakunywa." Mwanzoni nilidhani biashara yangu imekwisha. Kumbe watu waliokuwa wameacha kabisa kuogesha walianza upya, na wakaanza kuja kwangu kwa ile wiki moja.

Kitu alichokikataa bila maneno ya adabu ni kuchoma moto. Ng'ombe akipata ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, tezi za chini ya masikio na za begani huvimba, na baadhi ya wafugaji walikuwa wakizichoma kwa chuma chekundu wakiamini ugonjwa unatoka na moshi. Kwenye boma moja la Wamaasai nilimwona Bwana Mifugo akisimama kati ya chuma na ng'ombe, chuma kinatoa joto karibu na tai yake, anasema, "Nichomeni mimi kwanza, tuone kama nitapona mafua." Wakakitupa chuma chini.

Mwenye boma lile alikuwa mtoto wa Koko.

Koko ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi, na huyu alikuwa bibi wa kijiji chote cha Nainokanoka, kule juu ya kreta. Nilimfahamu siku niliyopanda huko na Bwana Mifugo kwenye lori la chanjo, nikiwa na maboksi yangu ya dawa za minyoo. Ukungu wa juu ya kreta ulikuwa mzito hata dereva akawa anatoa kichwa dirishani. Tulipofika bomani, Bwana Mifugo alivua kofia yake ya kazi, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke mzee mwenye shanga masikioni na blanketi mabegani, akainamisha kichwa mbele yake kama wafanyavyo watoto wa Kimaasai. Koko akamgusa utosini. Sikuwahi kuona mtumishi wa serikali akifanya hivyo, na nadhani hata wao hawakuwahi, kwa sababu wanawake waliokuwa nyuma walifunika midomo kwa viganja.

Siku hiyo kulikuwa na mtamba aliyeraruliwa paja na fisi. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Koko alikuwa amechemsha magome ya mti fulani mpaka maji yakawa mekundu kama chai ya rangi. Akakiosha kidonda kwa subira ya ajabu, akitoa funza mmoja mmoja kwa kijiti. Bwana Mifugo alichuchumaa kando yake akamwachia kazi. Koko alipomaliza, akasogea nyuma, akamwonyesha shingo ya mtamba kwa kidevu. Zamu yako. Bwana Mifugo akachoma sindano ya kuzuia usaha. Siku tano mfululizo wakafanya hivyo hivyo, yeye akilala kwenye ofisi ya kijiji, na mtamba akapona. Akaniambia baadaye kwamba alikuwa ameshawahi kutibu vidonda vya fisi kwa sindano peke yake, vikakawia kupona; na Koko alikuwa ameshawahi kuvitibu kwa maji mekundu peke yake, na wanyama wengine wakafa kwa homa. "Kila mmoja alikuwa na nusu," alisema.

Koko hakujua Kiswahili. Kila alichosema, Bwana Mifugo ndiye aliyenitafsiria, akiwa na uhakika mkubwa. Jioni ya siku ya tano, niliporudi na lori kumchukua, Koko alichuma majani madogo ya kijivu nyuma ya zizi, akayasugua, akayatia mdomoni mwa ndama mmoja mnyonge. Akasema maneno mengi.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema haya ni ya homa."

Akayafunga kwenye gazeti. Kwenye lori aliyashika mapajani njia nzima.

Miezi iliyofuata yale majani yakawa habari ya mji. Aliwapa ndama wa Ganako waliokuwa na homa, wakasimama na kula. Akawapa wengine wa Rhotia, nao wakala. Watu walianza kuja dukani wakiniuliza kama nauza majani ya Bwana Mifugo. Sikuwa nimewahi kumwona na furaha ya namna ile. Alikuwa mtu wa maswali, lakini kwa majani yale aliacha kuuliza.

Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja, Sifa, wa maziwa, mwenye damu ya kizungu kidogo. Nilimpata kwa kubana miaka mitatu. Maziwa yake yalinywewa na watoto wangu wanne, na yaliyobaki niliyapeleka kwenye hoteli ndogo iliyokuwa jirani na stendi. Mchana mmoja hakumaliza majani yake. Nikampa mtu ujumbe, na Bwana Mifugo akaja. Nikafunga mbwa. Akaingia.

Alimpima joto. Lilikuwa limepanda, si sana. "Jua kali leo," akasema. "Na majani umembadilishia?"

Kweli nilikuwa nimembadilishia. Akafungua mkoba, upande wa pili. Tukayachemsha yale majani ya kijivu jikoni kwangu, tukamnywesha kwa chupa.

"Nisilete dawa ya ndigana?" nikamwuliza. Ilikuwa pale pale dukani kwangu, rafu ya juu.

"Ngoja mpaka kesho, mama. Dawa ile ni kali, usimpe bila sababu. Kesho utamwona anakula."

Hakumpapasa tezi. Mimi nilikuwepo, nilimwangalia mikono yake, na ninajua hakumpapasa.

Asubuhi Sifa alikuwa anakohoa. Begani pamevimba kama pametiwa embe. Nilimtuma mtu tena, na sasa Bwana Mifugo alikuja mbio, tai iko mkononi. Alipita getini, akamruka mbwa aliyekuwa amelala njiani bila mnyororo, wala hakumwona. Mbwa naye hakubweka. Alimdunga Sifa dawa ile ya rafu ya juu, akamdunga na nyingine, akakaa naye chini kwenye matope, akimfuta mapovu puani kwa tai yake. Saa nane mchana Sifa akafa.

Yeye ndiye aliyeanza kusema. "Sindano ya jana ingemponya."

"Najua," nikasema. "Mimi ndiye ninayeiuza."

Nilikaa wiki mbili bila kumsemesha. Akija dukani, namhudumia mtu mwingine. Watoto walikunywa chai ya rangi, na mdogo wao akawa anauliza Sifa amekwenda kwa nani.

Kisha kukawa na mkutano wa wafugaji Ganako, nami nikaenda kwa sababu ya biashara. Mzee mmoja akasimama kusifu majani ya homa. Bwana Mifugo akamkatiza, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Mzee wangu, kaa kidogo. Majani yale nimempa ng'ombe wa Mama Upendo, yule pale, na amekufa."

Watu wakageuka kuniangalia.

"Kwa hiyo majani ni sumu?" mmoja akauliza.

"Hapana. Hayakumuua. Nimemuua mimi, kwa kumngojesha. Alikuwa na ndigana kali, na sikumpapasa tezi kwa sababu nilikuwa nayapenda majani yangu. Ndama wenu walipona kwa sababu walikuwa na vihoma vidogo ambavyo vingepona vyenyewe. Andikeni hili kichwani: sindano haingoji majani. Kama ugonjwa unataka sindano, choma kwanza. Majani yatakuja nyuma, yamsaidie kula."

Alisema hivyo mbele ya watu mia, na mbele ya mkubwa wake kutoka wilayani, ambaye hakujua lolote mpaka dakika ile. Mkubwa akamwandikia barua ya onyo, na kumtaka aache kabisa mambo ya miti. Barua aliipokea kwa mikono miwili. Alimjibu, nami nilikuwa nimesimama karibu, "Kosa langu la kungoja nimelikubali, mzee. Lakini kidonda cha fisi nitaendelea kukiosha na Koko."

Wiki iliyofuata alikuja dukani na kuniomba nimsindikize Nainokanoka. Alitaka shahidi, alisema. Nikakubali, nadhani kwa sababu hakuwa ameniomba nimsamehe.

Tulipofika aliinamisha kichwa, akaguswa, kisha akamwita Naserian, mke wa mjukuu wa Koko, aliyesoma mpaka darasa la saba. "Leo mimi sisemi Kimaasai," akamwambia. "Mwulize Koko, yale majani ya kijivu ni ya nini."

Koko akasikiliza, akacheka, akasema maneno machache.

"Anasema ni ya kumrudishia mnyama hamu ya kula," Naserian akasema. "Homa ikishaondoka."

"Ikishaondoka," akarudia Bwana Mifugo.

"Ndiyo. Anasema siku ile alikwambia hivyo mara mbili, nawe ukaitika."

Bwana Mifugo akamwomba Naserian amweleze Koko habari za Sifa, zote, bila kupunguza. Koko alipomaliza kusikiliza alinigeukia mimi, akanishika mkono, akaushikilia tu. Halafu akamgeukia yeye na kumsema kwa ukali, kwa muda, na Naserian akakataa kutafsiri.

Tangu siku ile hakuandika mti wowote kwenye gazeti kabla ya kuuliza mara tatu, na kwa mdomo wa mtu mwingine. Aliuliza unatibu nini, hautibu nini, na ni wakati gani haufai. Swali la pili ndilo lililowashangaza watu. Hapo ndipo Koko alipomweleza mambo ambayo hayakuwa miti kabisa: kwamba nyumbu wakizaa, ng'ombe asilishwe pale walipozalia, kwa kuwa ugonjwa unabaki kwenye majani, na kwamba mnyama mgonjwa asiswagwe mbali kufuata dawa, afuatwe pale alipolala. Bwana Mifugo alirudi na kuniambia, "Mama Upendo, ya nyumbu huna chupa yake kwenye rafu zako. Na wao wameijua miaka yote."

Nilimsamehe lini sijui. Ninachokumbuka ni kwamba siku moja nilimwona mlangoni, nikammiminia chai kabla sijafikiri.

Alistaafu, akahamia Rhotia, na tukapotezana kiasi. Mume wangu alipopanda cheo na watoto wakaenda sekondari, duka likakua, nikaajiri watu. Lami ikafika, bodaboda zikaanza kujaa barabarani. Siku moja baada ya mavuno nilikwenda Rhotia kutafuta maharage, nikaona watu wamejaa uani kwa mfugaji mmoja. Katikati yao alikuwepo Bwana Mifugo, nywele nyeupe, tai ile ile au ndugu yake.

Ng'ombe wa mfugaji huyo, jirani yake, alikuwa amesimama kichwa chini, ufizi umepauka, hali chakula siku ya pili. Watu walikuwa wakibishana. Mmoja alitaka achemshiwe majani. Mwingine alikuwa kwenye simu na mtu anayeuza sindano mnadani. Bwana Mifugo akapima joto, akapapasa tezi moja baada ya moja, akafunua kope, akanusa mavi. Wote wakasogea kumsikiliza.

"Sijui," akasema.

Miaka yote sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwake. Akalirudia, safari hii kwa furaha kidogo. "Sijui. Inafanana na vitu viwili, na dawa zake si moja. Mama Upendo, umefika wakati mzuri. Shika pua."

Nikashika. Akatoboa mshipa wa sikio, mkono ukitetemeka kidogo, akakinga damu kwenye kichupa. Mwenye nyumba akaulizwa kama ana chupa ya chai. Ikaletwa, chai ikamwagwa, ikasuuzwa, ikatiwa maji ya baridi, na kichupa kikazamishwa humo. Akaibeba mpaka barabarani na kusimama katikati ya lami, mkono juu. Gari la watalii likafunga breki.

"Mzee, kulikoni?" dereva akauliza.

"Unakwenda Arusha?"

"Nakwenda."

"Hii ifikishe maabara ya mifugo leo. Namba ya simu iko kwenye karatasi hii. Isipate joto."

Wazungu wawili walikuwa wakichungulia kwa nyuma. Dereva akaipokea chupa, akaitikisa. "Ni chai?"

"Ni damu ya ng'ombe. Usiinywe."

Majibu yalikuja kesho yake kwa simu ya jirani: ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe. Dawa yake ilikuwepo dukani kwangu. Nikaipeleka mwenyewe kwa bodaboda. Bwana Mifugo akalisoma boksi pande zote, akilishikilia mbali na macho, akavuta dawa kwenye bomba kwa kipimo, akatoa hewa. Kisha akaangalia mkono wake, akanipa bomba.

"Dunga wewe."

"Mimi? Mimi nauza tu."

"Mkono wangu siku hizi unacheza, na hii inataka kuingia ndani ya nyama. Hapa shingoni. Piga kwanza kwa ngumi asishtuke, kisha choma."

Nikapiga kwa ngumi, nikachoma. Ng'ombe akatikisa kichwa, akatulia. Nikasukuma polepole mpaka mwisho, kama nilivyomwona yeye akifanya mara mia, nikachomoa, nikasugua pale kwa kiganja.

Bwana Mifugo alikuwa ameshaokota kamba na kuanza kumtafutia ng'ombe kivuli. "Kesho saa hizi hizi," akasema bila kugeuka. "Na ukija, njoo na kipimajoto chako."